Laini yenye Jina la Teodora

Hilari aliingia bila hodi. Dada yake, Teodora, alikuwa amechuchumaa jikoni akipuliza moto, na Lidia, binti wa pekee wa Teodora, alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya viazi vya mchana. Ilikuwa Jumanne. Jumamosi watu wa Igwachanya walikuwa waje kuleta mahari ya Lidia, na kwa kuwa baba wa binti alishafariki, Hilari, mjomba mtu, ndiye aliyekuwa ayapokee.

"Hawaji," Hilari alisema.

"Nani hawaji?" Teodora aliuliza, moshi umemjaa machoni.

"Wakwe zako. Mzee Bonaventura kanipigia asubuhi hii. Halafu kanitumia na hii, eti nijisomee mwenyewe." Akatoa simu kwenye koti, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ileile anayosomea matangazo kanisani. "'Mzee Bonaventura, shikamoo. Huyo Lidia mnayetaka kumtolea mahari anakunywa dawa tangu utotoni. Anazificha kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Mimi ni mtu wa karibu, nimeshindwa kunyamaza. Mwokoe mwanao Haruni.'"

Kiazi kilimtoka Lidia mkononi kikabiringika mpaka mlangoni. Hakuna aliyekiokota. Hilari aliwatazama wawili hao, mama na binti, akatazama na juu ya kabati, kopo likiwa palepale, na yeye mjomba mtu alikuwa hajui lolote miaka ishirini na minne yote. Akavua miwani polepole.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema.

"Nani katuma huo uchafu?" Teodora aliinuka. "Nipe hiyo namba! Leo ndiyo leo, huyo mtu atanitambua!"

"Mzee naye alitaka kujua katuma nani. Akafanya kama anatuma hela kwenye hiyo namba, shilingi elfu moja tu, jina litokee, kama tunavyofanya wote namba ngeni ikitusumbua." Hilari alikunja miwani. "Jina likatokea, dada. Nami nimejaribu mwenyewe nikiwa njiani. Teodora Alois Mligo."

Teodora akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyepigwa kofi na asiyemfahamu. Akachomoa simu yake kifuani, kitochi kilichofungwa mpira ili betri isidondoke, akamnyooshea mdogo wake. "Mimi nina laini moja. Moja! Hiyo namba hata mtandao wake sijawahi kuutumia. Angalia!"

Hilari hakuangalia. Aliyekuwa akiangalia ni Lidia, na alikuwa akimwangalia mama yake.

"Mama," Lidia alisema, "wanaojua lile kopo duniani ni watatu. Mimi, wewe na Haruni."

"Basi ni huyo Haruni!"

"Haruni aharibu harusi yake mwenyewe? Haruni tuliyekwenda naye kliniki mara tatu, daktari akamweleza kwamba virusi vimefubaa, akasema haogopi? Mwezi uliopita ulilia hapa, mama. Ulisema nikienda Igwachanya nitakuacha na nani."

"Nililia, ndiyo. Mama halii?"

"Sasa umepata ulichokililia."

Lidia alikusanya nguo tatu, akashusha kopo lake, akalivingirisha kwenye kanga na kumfuata mjomba wake. Teodora alimkimbilia hadi barabarani akiapa kwa jina la Mungu na kwa kaburi la marehemu. Majirani walisimama kwenye milango. Waliona mama mzima, kitambaa kimemvuka kichwani, anamlilia binti yake aliyekataa kugeuka. Hilo peke yake lilitosha kuwapa maneno ya wiki nzima.

Kesho yake Teodora hakwenda kuchuma chai. Alipoteza ujira wa siku, akapanda bodaboda mpaka Njombe mjini, kwenye duka la kampuni ya simu yenye namba ile. Baridi ilikuwa kali, lakini yeye alikuwa anatokwa jasho. Alikuwa na jambo moja tu kichwani: aifunge hiyo laini iliyomvua nguo mbele ya mwanawe, apate na karatasi ya kuonyesha kwamba si yake.

Binti wa dukani alikuwa mdogo kuliko Lidia, kavaa fulana ya kampuni na kucha ndefu za rangi. Alipokea kitambulisho cha taifa, akasukuma kimashine mbele. "Weka dole gumba, mama."

Teodora akaweka. Kimashine kikalia vibaya.

"Kimekataa. Futa mkono, weka tena."

Kikakataa tena. Wakajaribu cha shahada, cha kati, mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Nyuma ya Teodora foleni ilianza kuguna.

"Mama, vidole vyako vimekwisha!" binti yule alisema, na duka zima likasikia. "Hivi unafanya kazi gani wewe?"

"Ninachuma chai," Teodora alijibu, akificha mikono chini ya meza kama aliyekutwa na cha wizi. Miaka kumi na tisa ya kukata majani kwa dole gumba na vidole viwili. Michirizi yote imeliwa, kilichobaki ni ngozi nyeusi, laini na ngumu.

"Nipe hicho kidogo cha mwisho. Hicho hakichumi, au siyo?"

Kidole kidogo kikasoma mara moja, kimashine kikalia vizuri. Binti akasoma kwenye kompyuta yake. "Haya. Laini ni yako, mama. Imesajiliwa kwa kitambulisho hiki na kidole hikihiki, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, Makambako."

Teodora alitaka kusema hajawahi kusajili laini Makambako. Halafu akakumbuka.

Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu alikwenda Makambako kuwasalimu ndugu wa Haruni waishio huko. Emilia, dada mkubwa wa Haruni, alikuwa na kibanda cha laini na miamala ya simu karibu na stendi. Teodora alikuwa amepata ujumbe kwamba laini yake ihakikiwe, la sivyo itafungwa. Angeweza kwenda kwa wakala yeyote pale stendi, lakini mtu atapitaje mlango wa mkwe wake akampe mgeni kazi? Angeonekana anamdharau. Akaingia kwa Emilia. Na Emilia alimpokea vizuri mno, akampa kiti na soda, akamwita mama mkwe.

"Kimekataa, mama mkwe. Weka tena." Akaweka. "Tena." Akaweka. "Ah, nipe kidole kidogo. Naam! Sasa tena, hakijahifadhi. Tena kidogo. Na mara ya mwisho." Mara kumi na moja kama si kumi na mbili. Mtu mwingine yeyote angeuliza mbona nyingi hivyo. Mchuma chai haulizi. Kila mashine ya serikali imemkataa, kwenye kitambulisho na kwenye daftari la wapiga kura, na kila mara huwa anaona aibu kana kwamba kosa ni lake.

"Samahani, mwanangu," alimwambia Emilia siku ile. "Ni chai."

Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyompandisha hasira kuliko zote, hata kuliko ujumbe wenyewe. Alikuwa amemwomba msamaha mwizi wakati mwizi anaiba.

"Mama?" binti wa dukani alimwita. "Unataka tuifunge, au tukurudishie?"

"Kurudisha ndiyo nini?"

"Tunakupa kadi mpya yenye namba ileile. Ile aliyonayo mwenzako inazimika, simu zote zinakuja kwako."

Teodora alikuwa amekuja kufunga. Aliitazama mikono yake, akamtazama binti.

"Nirudishie," alisema.

Alinunua kitochi kingine cha laini mbili kwa fundi wa nje, akaweka kadi zote, akasimama pembeni mwa barabara kusubiri bodaboda. Hata dakika kumi hazikuisha, simu ikaita.

"Emi!" Sauti ya mwanaume, ya mtu aliyezoea. "We mwanamke, umezima simu tangu saa nne, unataka kuniua? Huyo dereva wako karudi nini?"

Teodora aliibana simu sikioni.

"Emi? Ni mimi, Rabson. Mbona husemi?"

Akakata. Ukaanza kuingia ujumbe, mmoja baada ya mwingine, kama mvua ya masika juu ya bati. Emi nijibu. Edward yupo hapo? Kama yupo andika neno moja tu. Kesho nashusha viazi Makambako, nitapita kama kawaida, mlango wa nyuma. Nimekukumbuka tangu Jumapili, mpaka leo shuka linanukia wewe. Usinifanyie hivyo mpenzi. Mpaka Rabson anachoka, zilikuwa saba.

Edward alikuwa mume wa Emilia, dereva wa lori la mizigo, wa Tunduma leo na Dar kesho. Teodora alimfahamu, mtu mpole, mkubwa wa mwili, anayecheka kabla ya kuongea. Rabson hakumfahamu na hakutaka kumfahamu. Alikuwa dalali wa viazi, basi inatosha. Kumbe mwanamke alisajili laini kwa jina la mtu mwingine ili mume asiione kwa jina lake, akafanyia nayo mapenzi yake miezi minne, halafu alipotaka kumchafua binti wa watu akaona uvivu kusajili nyingine, akatumia ileile. Alijua wazee wataangalia jina. Na alijua jina gani litatokea.

Teodora alisoma zote saba barabarani pale, akarudia. Kwa mara ya kwanza tangu jana alisikia njaa. Akanunua mahindi mawili ya kuchoma, akayala yote.

Ijumaa Teodora alifika Makambako asubuhi, upepo unapeperusha vumbi la barabara kuu mpaka kwenye meno. Kibanda cha Emilia kilikuwa na wateja wanne. Teodora hakuruka foleni. Alisimama nyuma ya mtu wa nne, mikono ameikunja, mpaka zamu yake ikafika.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Mama mkwe!" Emilia alishtuka, halafu akajikusanya, uso ukavaa huzuni. "Jamani, pole na yaliyotokea. Sisi wenyewe hatujalala. Baba amekasirika, Haruni hali..."

"Sikuja kwa pole. Nimekuja unisaidie kusoma. Macho yangu siku hizi mabaya." Akaweka kitochi juu ya meza. "Hii inasemaje? Hapa, palipoandikwa shuka."

Rangi ilimtoka Emilia usoni. Aligeuza kibao cha mlangoni kikawa kinasema pamefungwa, akavuta pazia, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, hivihivi, na gauni lake zuri.

"Mama, nakuomba. Nina watoto wawili."

"Na mimi nina mmoja."

"Haruni aliniambia mwenyewe siri ya Lidia. Alitaka nimwandalie baba moyo kabla ya kumweleza. Niliogopa, mama. Ni mdogo wangu wa mwisho, nilimbeba mgongoni. Nilitaka kumlinda!"

"Ungemlinda kwa jina lako. Kwa nini ulitumia langu?"

Emilia alilia tu, na Teodora alikaa kwenye kiti cha wateja akimtazama analia, na wala asidanganywe mtu kwamba alimhurumia. Alifurahi. Alifurahi mpaka akaona haya kidogo, halafu haya nayo ikapita.

"Utasema," alimwambia. "Mbele ya baba yako, mbele ya Haruni, mbele ya mwanangu. Utasema ulichukua kidole changu na ukaandika wewe. Ukisema hayo, mimi nayaacha."

"Na meseji za... za huyo mtu? Utazifuta?"

"Laini ni yangu," Teodora alijibu akiinuka. "Nimesajiliwa."

Emilia alisema. Wiki iliyofuata, Jumamosi, sebuleni kwa Teodora, wazee wamebanana kwenye viti vya kuazima, aliinua kichwa mara moja tu akasema yote isipokuwa ya Rabson. Haruni alimtazama dada yake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Mzee Bonaventura alivua kofia akaiweka juu ya goti.

"Mimi ni mkulima wa mahindi," mzee alisema, "sikusoma. Haruni kanipeleka kwa daktari juzi, kanieleza mambo ya dawa hizi mpaka nikaelewa. Huyu binti ataishi, atazaa watoto wazima. Hilo limekwisha. Lakini hili la mwanangu kuiba kidole cha mkwe wangu, hili ni la aibu yangu. Hilari, taja faini."

Hilari alitaja mbuzi mmoja na blanketi kwa Teodora. Wakatoa bila kubisha, na mahari ikapokelewa, na wanawake wakapiga vigelegele. Emilia naye alipiga, kwa mdomo uliokauka.

Lidia alimfuata mama yake jikoni.

"Nisamehe, mama."

"Yamekwisha."

"Hayajaisha. Haruni kaniambia una meseji nyingine kwenye ile laini. Dada yake kamwangukia, kamwomba akuombe. Sitaki kujua zinasema nini." Akamgeuza mama yake kwa mabega. "Mama, nakwenda kuishi na watu wale. Nyumba ya Emilia ikibomoka, lawama itaniangukia mimi. Nenda kaifunge ile laini. Jumatatu hii."

"Nitaifunga."

"Kweli?"

"Kweli, mwanangu. Niiweke ya nini laini ile?"

Jumatatu ikafika, Teodora akaenda kuchuma chai. Jumatatu nyingine vilevile. Si kwamba alikuwa amepanga jambo. Alipenda tu kuwa nayo. Mchana, wakati wenzake wanakula viazi vyao chini ya miti ya mikaratusi, yeye alikuwa anafungua zile saba na kuzisoma, kisha anafunga, kisha anaweka simu kifuani. Akiona mwezi unakaribia kuisha aliinunulia vocha ya mia tano isije ikazimwa.

Sherehe ya kumuaga Lidia ilifanyika Njombe, kwenye ukumbi mdogo wenye mapambo ya zambarau, Alhamisi jioni kabla ya harusi. Mshereheshaji aliwaita watoa zawadi mmoja mmoja, na kila mmoja alikuja akicheza. Waliletwa mablanketi, masufuria, jiko la gesi. Halafu akaitwa wifi wa bibi harusi, Emilia, mke wa Edward. Akaja taratibu, kavaa vitenge vipya, mkononi ana kasha lenye utepe.

"Mimi sina mengi," alisema kwenye kipaza sauti. "Nimemletea wifi yangu vyombo vyake. Kikombe kimoja, sahani moja, kijiko kimoja." Akavitoa, akaviinua juu watu waone. Vyote vimepakwa alama nyekundu chini. "Vya kwake peke yake. Kwetu pale nyumbani kila mtu na chombo chake, tusije tukachanganya."

Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Wengi walidhani ni mzaha wa mawifi, jinsi mawifi wanavyotaniana. Lakini waliojua walijua. Lidia alipokea kasha kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akapiga goti, akasema ahsante wifi. Machozi yake yalishuka na poda ya usoni, na mpiga picha akasogea karibu akidhani ni ya furaha.

Emilia alipokuwa anarudi kwenye kiti alimtazama Teodora. Alitabasamu. Miezi miwili ilikuwa imepita bila meseji kwenda kokote, na alikuwa ameshaamua kwamba huyu mama ni mwoga, mama wa chai, hana ubavu.

Teodora naye akatabasamu. Alikula pilau lake lote, akacheza na wenzake alipoitwa, na Jumamosi alikaa kanisani kiti cha mbele, ametulia kabisa. Aliwasindikiza maharusi mpaka kwenye gari la kwenda Igwachanya. Lidia alimkumbatia dirishani akamnong'oneza, "Ulifunga?"

"Zamani," Teodora alisema.

Jumatatu asubuhi, kikapu mgongoni, mistari ya chai imelowa umande mpaka kiunoni, alisimama katikati ya shamba akachomoa simu. Namba ya Edward alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye orodha ya michango ya harusi, Edward alichangia vizuri. Vidole vyake viliteleza kwenye vitufe, akajipangusa kwenye sketi. Ujumbe wa kwanza, peleka mbele. Wa pili, peleka mbele. Nyampara alimpigia kelele kutoka mstari wa chini kwamba kilo hazijichumi, naye akamjibu, "Nakuja, bwana, ninamalizia!" Akatuma wote saba. Ule wa shuka akautuma mara mbili.

Robo saa baadaye simu ikaita.

"Nani wewe?" Sauti ya Edward ilikuwa chini, na nyuma yake lori linanguruma. "Nimeangalia jina. Inasema Teodora Mligo. Mama, ni wewe? Hizi ni nini?"

"Muulize mkeo, baba. Muulize Rabson wa viazi ni nani, na mlango wa nyuma huwa unafungwa saa ngapi."

Teodora alisikia mlango wa lori ukibamizwa, simu ikakatika. Akarudisha simu kifuani akachuma. Siku hiyo alichuma kilo arobaini na sita, na hakuna mwanamke aliyemfikia. Jioni kwenye mizani walimuuliza leo umekula nini. Akawaambia uji tu. Usiku wa siku hiyo alilala usingizi ambao hakuulala tangu ile Jumanne, usingizi mzito wa mtu aliyelipa.

Alhamisi saa tano asubuhi, akiwa shambani tena, Lidia alipiga.

"Mama. Ni wewe?"

Hakuuliza kitu gani. Teodora angeweza kukana, na safari hii pengine angeaminiwa. Aliinua kichwa, akaona mistari ya chai imelala kijani mpaka mtoni, akaona hana haja ya kukana.

"Ni mimi."

Lidia alivuta pumzi. "Edward alirudi Jumanne. Alimkuta huyo mwanaume mlemle ndani. Kamfukuza Emilia na nguo zake zote, majirani wanaangalia."

"Vizuri," Teodora alisema kwa sauti, na mchumaji wa mstari wa pili akageuka. "Vizuri sana! Kakulisha aibu mbele ya ukumbi mzima, na yeye aile sasa. Akome! Akome kabisa! Wewe ulipiga goti ukasema ahsante, mimi sikuzaliwa na goti hilo."

"Mama."

"Mimi aliniibia kidole, wewe akakupa kikombe..."

"Mama, hujaniuliza kaenda wapi."

Teodora akaacha kuchuma.

"Mwanamke akiachwa anakwenda wapi?" Lidia aliuliza. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini sana, kama mtu aliyejificha asisikiwe na walio chumba cha pili. "Anarudi kwa baba yake. Kafika jana hapa na mabegi na watoto wawili. Baba mkwe kalia, lakini ni mwanawe, angemtupa wapi? Kampa chumba kinachopakana na chetu. Ndiye dada mkubwa, mama. Jiko analishika yeye sasa. Wanawake wa hapa wote wamekuja kumpa pole, wamejaa uani tangu asubuhi, na kila anayeingia anamweleza nyumba yake imevunjwa na nani, na nina ugonjwa gani. Haruni naye hasemi na mimi. Anasema nilimwahidi kwamba umeifunga."

Kikapu kilikuwa kizito mgongoni mwa Teodora. Akajaribu kukivua, kamba ikakwama begani.

"Rudi nyumbani," alisema. "Panda gari leo hii uje, mwanangu. Mjomba wako atazungumza nao, tutawarudishia mahari yao yote kama wanaitaka. Rudi tu nyumbani."

"Kwa nani?"

"Kwa nani tena? Kwa mama yako!"

"Ile ya kwanza hukufanya wewe, nikakuonea, nikakuomba msamaha," Lidia alisema. "Halafu nikakuomba kitu kimoja tu, ukaniambia kweli, ukaniambia zamani. Sasa nirudi kwa nani, mama?"

Wala hakukata simu. Teodora alimsikia akipumua, na nyuma yake wanawake wa Igwachanya wakiongea uani. Lidia alikuwa anasubiri ajibiwe.